Kutafsiri Kijapani kwa Kujitegemea: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Fani na Kuanza Kupata Kazi

Kampuni ya Osaka inayotengeneza pampu za maji ikitafuta mtu wa kutafsiri nyaraka zake, haianzi kwa kuuliza kama anajua Kijapani. Hilo inalichukulia kuwa limekwisha. Inataka kujua kama anazifahamu pampu: shinikizo hupimwaje, muhuri wa shafti hukaa wapi, na kama fundi atakayesoma maelekezo yake atajua afungue boliti ipi kwanza. Ndiyo maana mtu mwenye cheti kizuri cha Kijapani anaweza kukaa muda mrefu bila kazi, huku mwenzake mwenye Kijapani cha kawaida, lakini aliyewahi kufanya kazi kiwandani, akichagua wateja.

Kwa hiyo swali la fani usiliache mpaka baadaye. Ndilo la kwanza, na mwongozo huu umejengwa juu yake. Nimeuandika kwa ajili ya msomaji anayejua Kijapani, au anayekaribia kukijua, na anataka kuishi kwa kutafsiri akiwa Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au huko huko Japani.

Hatua ya 1: Pima lugha zote mbili

Mtihani unaotambulika kuliko mingine ni JLPT, wenye ngazi 5 kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu. Hufanyika hata Nairobi. N1 hupatikana kwa alama 100 kati ya 180, pamoja na kiwango cha chini katika kila sehemu, na mashirika mengi ya tafsiri huitaja kwenye matangazo yao. Ichukue, ila ujue inapima nini. Inapima kusoma na kusikiliza. Hakuna mahali utakapoandika aya hata moja, wala kutafsiri.

Kazi nyingi za kujitegemea ni kati ya Kijapani na Kiingereza, na desturi ya biashara hii ni kutafsiri kuelekea lugha unayoiandika vizuri zaidi. Kwako, basi, karibu kila kazi itakuwa kutoka Kijapani kwenda Kiingereza, na Kiingereza chako ndicho kitakachopimwa zaidi. Jipime hivi: chukua kurasa mbili za Kijapani za fani unayoitaka, zitafsiri, kisha mpe mtu wa fani hiyo asiyejua neno la Kijapani. Usimweleze chochote. Akisoma mpaka mwisho bila kusimama kuuliza ulikusudia nini, uko tayari kwa toraiaru, yaani jaribio la mashirika. Akisimama kila mstari, rudi kwenye uandishi kabla ya kurudi kwenye kanji.

Utakuta matangazo yanayotaka mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Usijiondoe mwenyewe. Mfamasia aliyesoma na kufanya kazi kwa Kiingereza maisha yake yote ana haki ya kuomba, na jaribio lake litazungumza kuliko pasipoti yake.

Hatua ya 2: Jua soko la Japani lilivyogawanyika

Wajapani wenyewe hugawa tafsiri katika makundi matatu: jitsumu, ya kazi na biashara; shuppan, ya vitabu; na eizō, ya filamu na vipindi. Vijana wengi huingia kwenye Kijapani kupitia katuni na michezo ya video, kwa hiyo macho yao huwa kwenye makundi mawili ya mwisho. Fedha nyingi iko kwenye kundi la kwanza. Ni kazi zisizo na jina lako mahali popote: miongozo ya mashine, mikataba, ripoti za hesabu, nyaraka za dawa. Jina halionekani, lakini kodi ya nyumba inalipwa.

Hatua ya 3: Zitazame fani kwa karibu

*Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake.* Hii imewalisha watafsiri wengi wa Kijapani kwa miaka mingi, na sababu yake ni ya kisheria. Mvumbuzi akiwasilisha ombi Japani ana miezi 12, chini ya Mkataba wa Paris, kuomba ulinzi katika nchi nyingine huku akihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Akipitia PCT, mkataba wa kimataifa wa ushirikiano katika hataza, nchi nyingi humpa hadi miezi 30. Muda ukipita, haki inaweza kupotea kabisa. Tafsiri, basi, ina tarehe isiyosogea, na mteja analijua hilo.

Hati yenyewe ina meisaisho, ambayo ni maelezo ya uvumbuzi, na seikyūkō, ambayo ni madai. Dai huandikwa kama sentensi moja hata likijaza nusu ukurasa. Katika Kijapani jina la kitu kinachodaiwa huja mwisho kabisa, na yote yaliyotangulia ni sifa zake. Katika Kiingereza jina hilo lazima litangulie. Kwa hiyo unaanza kusoma kutoka mwisho, unakichora kitu kwenye karatasi, unaunganisha sehemu zake kwa mishale, halafu ndipo unaandika. Njiani utakutana mara nyingi na zenki, 前記, alama kwamba kitu kinachotajwa ni kile kile kilichokwisha kutajwa. Ukiita sehemu fulani kishikio mara ya kwanza, iite kishikio hadi mwisho. Ukibadilisha na kuiita mpini kwa sababu sikio limechoka, mkaguzi ataweza kuona vitu viwili, na siku ya kesi mshindani ataingilia hapo hapo. Tuliofundishwa shuleni kwamba insha nzuri hairudii neno tunapaswa kuiacha tabia hiyo mlangoni.

Fani hii inamfaa mhandisi, mkemia, mtu wa elektroniki. Kuna mtihani wake maalumu unaoendeshwa na NIPTA, shirika la Kijapani la kukuza tafsiri ya haki za ubunifu, na kufaulu ngazi zake za juu ni jambo linalotazamwa na mashirika.

*Dawa na tiba.* Japani ni miongoni mwa waanzilishi wa ICH, chombo kilichoundwa mwaka 1990 kuoanisha masharti ya dawa kati ya Japani, Ulaya na Marekani. Kutokana na hilo nyaraka nyingi zina muundo unaofanana duniani: mpango wa majaribio ya dawa, ripoti za madhara, maelezo ya dawa yanayokwenda PMDA, mamlaka ya dawa ya Japani. Ripoti za madhara makubwa yasiyotarajiwa zina siku maalumu za kuwasilishwa, baadhi yake ndani ya siku 7 au 15, kwa hiyo kazi huja ghafla na hutakiwa upesi. Istilahi za madhara hazibuniwi. Zinatoka kwenye MedDRA, kamusi ya kimataifa ya istilahi za tiba, yenye toleo lake la Kijapani, na mtafsiri anayeandika neno lake mwenyewe badala ya lile la MedDRA hukataliwa hata kama maana ni sahihi.

Ugumu halisi uko kwenye maandishi ya madaktari wenyewe. Udaktari wa kisasa wa Japani ulijengwa kwa kujifunza kutoka Ujerumani zama za Meiji, na faili la mgonjwa hadi leo huitwa karute, neno la Kijerumani. Ndani yake utakuta vifupisho vya Kijapani, Kiingereza na Kijerumani katika mstari mmoja. Muuguzi au mfamasia huyang'amua mapema kuliko mhitimu wa lugha, kwa kuwa anajua kitu gani kingeweza kuandikwa mahali hapo.

*Fedha na taarifa kwa wawekezaji.* Tangu tarehe 1 Aprili 2025, Soko la Hisa la Tokyo linazitaka kampuni za Prime, daraja lake la juu, kutoa matokeo ya hesabu na taarifa muhimu kwa Kiingereza wakati mmoja na Kijapani. Kampuni nyingi za Japani hufunga mwaka Machi 31 na kutangaza matokeo, kessan tanshin, kufikia katikati ya Mei. Mwezi huo ni wa kukesha. Kama una cheti cha uhasibu, CPA au kingine, hapa una jambo la kuuza. Zingatia alama moja ndogo: pembetatu △ mbele ya tarakimu kwenye hesabu za Kijapani maana yake ni hasi. Anayeiona kama pambo amegeuza hasara kuwa faida.

*Sheria na mikataba.* Wizara ya Sheria ya Japani ina tovuti ya bure, Japanese Law Translation, yenye tafsiri za Kiingereza za sheria nyingi na kamusi sanifu ya istilahi. Anzia hapo. Kijapani cha sheria kina madaraja ambayo Kijapani cha mtaani hakina. Maneno mawili yanayoonekana kuwa na maana ile ile ya "au", mata wa na moshikuwa, yana ngazi: mata wa hutenganisha makundi makubwa, moshikuwa hutenganisha vitu vilivyo ndani ya kundi. Ukiyasawazisha, orodha ya wanaowajibika inabadilika. Vilevile zen'i, ambayo mtaani ni nia njema, katika sheria ya madai ni hali ya kutojua jambo fulani, na aku'i ni kulijua. Mtu anayetajwa kuwa na aku'i katika hati ya mahakama si lazima awe mbaya. Alikuwa na habari tu.

*Magari.* Hapa sisi wa Afrika Mashariki tuna uhusiano wa damu na Kijapani, na nashangaa ni wachache wanaoitazama kama fani. Washa gari lililotoka Japani, Dar au Mombasa, nalo litakuambia kwa upole "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", yaani kadi ya ETC ya kulipia barabara haijaingizwa. Dereva amelisikia kila asubuhi kwa miaka na hajui lilisema nini. Lakini kabla gari halijafika bandarini, zimepita karatasi mbili zenye uzito wa fedha nyingi.

Ya kwanza ni karatasi ya mnada. Chukua moja uisome pamoja nami. Juu, pembeni, kuna alama ya jumla: 4.5 au 4 ni gari zuri, 3.5 lina kasoro za kuonekana, na R ni gari lililowahi kurekebishwa baada ya ajali. Karibu yake kuna herufi ya hali ya ndani, A hadi D. Chini kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama ngozi, wenye alama kila upande: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali fundi bodi alipopita na kuacha mawimbi, S ni kutu, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Tarakimu inayofuata herufi ni ukubwa, hivyo A1 ni mkwaruzo mdogo na A3 ni mkubwa. Alama hizo mwuzaji wa magari anazijua. Asichoweza kukisoma ni mistari iliyoandikwa kwa mkono na mkaguzi, kwa haraka, kwa vifupisho. Shitamawari sabi, kutu chini ya gari, mara nyingi kwa magari ya mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi. Ion, mlio usio wa kawaida. Sōkō fumei, kilomita hazijulikani. Suibotsu, gari lilizama majini. Mstari mmoja wa namna hiyo hubadilisha bei yote, na mnunuzi wa Nairobi hulipa bila kuujua.

Ya pili ni cheti cha kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, yushutsu masshō. Kina namba ya chesisi na tarehe ya usajili wa kwanza, na katika nyaraka za Japani mwaka mara nyingi huandikwa kwa zama za mfalme. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo kukosea mwaka mmoja hapa ni gari kukwama bandarini. Wateja wa fani hii wako karibu: mawakala wa forodha, kampuni za bima, wenye yadi, na wauzaji wa Yokohama na Nagoya wanaotaka kuandikia Afrika. Malipo kwa ukurasa si makubwa kama ya hataza, lakini kazi ni nyingi na fundi wa gereji aliyejifunza Kijapani hana mshindani.

*Michezo ya video, manga na filamu.* Naipenda kazi hii na ndiyo sababu naisema kwa uwazi: ushindani ni mkubwa, malipo mara nyingi ni madogo, na mkataba wa siri unaweza kukuzuia hata kutaja ulichotafsiri. Katika michezo, kisanduku cha maneno kina nafasi ya herufi chache, na mara nyingi unapewa faili la jedwali bila picha, hujui anayesema ni mzee au mtoto. Kijapani huacha mtenda nje ya sentensi, kwa hiyo uliza kabla ya kuandika "yeye". Iendee fani hii ukiwa na nyingine inayolipa bili.

*Maendeleo na ujenzi.* Japani imekuwa ikiandaa TICAD, mikutano ya maendeleo ya Afrika, tangu 1993, mmoja wao ukifanyika Nairobi mwaka 2016, na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, ina miradi kuanzia umwagiliaji wa Lower Moshi hadi barabara ya juu ya Mfugale pale Tazara. Ripoti za uchunguzi, taarifa za wahandisi na nyaraka za zabuni hutafsiriwa. Mhandisi wa ujenzi anayezijua barabara zenyewe ana faida.

Hatua ya 4: Chagua moja, na ya pili iliyo jirani

Usianze na orodha ya zinazolipa. Anza na ulichokwisha kukifanya kwa mikono yako: ulisomea nini, ulifanya kazi wapi, ni magazeti gani ya kitaalamu unayasoma bila kulazimishwa. Kisha uliza kama Japani inazalisha maandishi ya kutosha katika jambo hilo. Daktari wa mifugo ana dawa za mifugo. Mhasibu ana taarifa za wawekezaji. Mwanasheria ana mikataba. Fani ya pili iwe jirani, ili istilahi zisaidiane: hataza na vifaa vya hospitali, mikataba na fedha, magari na miongozo ya mashine. Anayeandika kwenye wasifu wake kwamba anatafsiri sheria, tiba, michezo, utalii na uhandisi husomwa kama mtu asiye na fani yoyote.

Hatua ya 5: Jifunze kwa hati pacha

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na haigharimu kitu. Kwa karibu kila fani kuna hati za Kijapani zilizokwisha kutafsiriwa na wataalamu. Kwa hataza, ingia J-PlatPat, hifadhi ya bure ya maombi ya Japani, tafuta uvumbuzi wa aina yako, kisha utumie Espacenet ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya kuona ndugu zake waliowasilishwa Marekani au Ulaya. Kwa fedha, pakua kessan tanshin na toleo lake la Kiingereza kutoka tovuti ya kampuni yenyewe. Kwa sheria, tovuti ya Wizara niliyoitaja.

Funika Kiingereza. Tafsiri aya moja au mbili. Funua, linganisha. Usitazame nani ana maneno mazuri. Tazama mwenzako aliamua nini pale uliposita, na uandike istilahi kwenye jedwali lenye nguzo nne: Kijapani, Kiingereza, ulipoliona, na tahadhari. Tafsiri iliyochapishwa nayo inaweza kuwa na makosa, kwa hiyo istilahi moja iwe na vyanzo viwili kabla hujaiamini. Fanya hivi kila siku kwa miezi kadhaa, na jedwali hilo litakuwa mali yako ya kwanza ya kazi.

Hatua ya 6: Jifunze mitego ya kila hati

Tarakimu kwanza. Wajapani huhesabu kwa makundi ya sifuri nne: man ni 10,000, oku ni 100,000,000. Kwa hiyo 3億5,000万 ni milioni 350. Usibadilishe kichwani ukiwa umechoka. Andika tarakimu yote kwa sifuri zake, kisha weka alama za maelfu upya. Na jedwali likiwa na maneno 百万円 juu yake, kila kilichomo ni kwa mamilioni ya yeni.

Miaka. Kugeuza mwaka wa zama za mfalme, kwa Reiwa jumlisha 2018, kwa Heisei 1988, kwa Shōwa 1925. Heisei 29 ni 2017. Mwaka 2019 una majina mawili: hadi Aprili 30 ni Heisei 31, na kuanzia Mei 1 ni Reiwa 1. Na "mwaka wa 2024" kwenye hesabu za kampuni mara nyingi huanza Aprili 2024 na kuisha Machi 2025.

Majina ya watu. Kanji zile zile zinaweza kusomwa kwa njia kadhaa, na hakuna kamusi itakayokuambia mtu huyu anajiitaje. Hata koseki, daftari la familia, kwa miaka yote halikuandika usomaji wa majina. Sheria ya kuuongeza ilianza kutumika Mei 2025. Muulize mteja. Swali hilo halikushushii hadhi, Wajapani wenyewe huulizana.

Hatua ya 7: Vifaa na tafsiri ya mashine

Utahitaji programu ya kumbukumbu ya tafsiri, inayohifadhi sentensi ulizokwisha kutafsiri. Trados na memoQ ndizo zinazotajwa sana na mashirika. Phrase hufanya kazi kwenye kivinjari. OmegaT ni ya bure na inatosha kujifunzia. Usinunue ya ghali kabla ya mteja kukutaka.

Kuhusu mashine: DeepL iliongeza Kijapani mwaka 2020, na akili mnemba iliyofuata imechukua sehemu kubwa ya kazi za jumla, barua na maelezo mepesi. Tusijidanganye juu ya hilo. Mashirika mengi sasa hutoa kazi ya kusahihisha tafsiri ya mashine kwa bei ya chini. Kabla ya kukubali, pima kwa saa: chukua kurasa mbili, sahihisha, tazama umepata kiasi gani kwa saa. Katika Kijapani mashine hukosea mahali pale pale: hubuni mtenda asiyetajwa, huruka kipande cha sentensi ndefu huku Kiingereza kikibaki kizuri, na hubadilisha istilahi njiani. Kosa la sentensi nzuri ndilo gumu kuliona, na anayeliona ni anayejua jambo lenyewe. Na usiingize hati ya siri ya mteja kwenye huduma ya bure ya mtandaoni. Mikataba mingi inakataza, na katika hataza ambayo haijachapishwa madhara yake hayarekebishiki.

Hatua ya 8: Tafuta kazi

Milango mikuu ni mitatu. Mashirika ya tafsiri, ambayo hukupa toraiaru ya herufi mia chache na kukusajili ukifaulu. Majukwaa kama ProZ, na Amelia, la Kijapani, kwa wanaosoma Kijapani vizuri. Na vyama: JAT, chama cha watafsiri kilichoanzishwa Japani mwaka 1985, na kitengo cha Kijapani cha ATA, chama cha watafsiri cha Marekani, ambacho pia kina mtihani wa ithibati kati ya Kijapani na Kiingereza. Chama kina faida moja ambayo jukwaa halina: mtafsiri aliyejaa kazi hutafuta wa kumpa, na humpa anayemfahamu.

Toraiaru ifanye kama hati ya kesi. Soma maelekezo ya mtindo mara mbili. Weka maelezo mafupi pale ambapo chanzo kina utata, ukitaja ulipohakikisha istilahi. Isome siku inayofuata kwa sauti, bila Kijapani mbele yako. Barua ya kuiambatanisha iwe fupi, ianze na Osewa ni natte orimasu kama mmewahi kuwasiliana, na kama hamjawahi, jitambulishe kwa jina, fani, na idadi ya herufi unazoweza kwa siku. Watafsiri wengi huzungumzia herufi 3,000 hadi 5,000. Mwanzoni sema chini ya hapo.

Saa zetu ni silaha, zitaje. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6. Ofisi ya Tokyo inapofunga jioni, kwetu ni saa sita mchana. Ukipokea kazi muda huo, una mchana na jioni nzima, na wao wanaikuta asubuhi yao. Mteja mwenye haraka hulipenda jambo hilo. Jua pia sikukuu zao: mwishoni mwa Aprili hadi mwanzo wa Mei, Obon katikati ya Agosti, na mwaka mpya. Kazi humwagwa siku moja kabla.

Hatua ya 9: Bei, ankara na sheria

Kazi huhesabiwa kwa herufi ya chanzo cha Kijapani au kwa neno la Kiingereza. Herufi 1,000 hutoa takriban maneno 400 hadi 500 ya Kiingereza. Kwa hiyo yeni 8 kwa herufi ni sawa na yeni 16 hadi 20 kwa neno. Fanya hesabu hiyo kabla ya kulinganisha mashirika mawili, kwani bei inayoonekana ndogo inaweza kuwa ndiyo kubwa. Uliza pia herufi zinazorudiwa zinalipwa vipi.

Desturi ya Japani ni kufunga hesabu mwisho wa mwezi na kulipa mwisho wa mwezi unaofuata, au hata zaidi. Kazi ya Juni 3 inaweza kukufikia Julai 31. Weka akiba ya miezi kadhaa kabla ya kuacha ajira. Ukiishi Japani, zingatia mambo haya: mteja wa kampuni kwa kawaida hukata kodi ya 10.21% kwenye malipo ya tafsiri ya mtu binafsi, na mwaka ukiisha unalipa zaidi au unarudishiwa kulingana na hesabu yako. Mfumo mpya wa ankara za kodi ya matumizi ulianza Oktoba 2023, na wateja wengine huuliza kama umesajiliwa. Na sheria ya kuwalinda wanaojitegemea, iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, inataka masharti yaandikwe na malipo yafanyike ndani ya siku 60 tangu kazi ipokelewe. Mwanafunzi mwenye kibali cha kazi za ziada ana kikomo cha saa 28 kwa wiki. Ukiwa nje ya Japani, muulize mhasibu wa nchi yako kuhusu kodi, na umuulize mteja mapema kama atalipa kwa Wise, PayPal au benki, na nani anabeba makato.

Hatua ya 10: Kijapani na Kiswahili moja kwa moja

Soko hili ni dogo, lakini lipo. NHK hutangaza kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo kuu. Wajitolea wa JICA wanaopangiwa nchi zetu hujifunza lugha kabla ya kusafiri katika vituo vya mafunzo vya Komagane na Nihonmatsu. Kazi huja kwa matone: maelekezo ya mashine za kilimo, vipeperushi vya afya, vipindi vya televisheni vilivyopigwa picha kwetu, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa kwa familia za mchanganyiko.

Vyeti hivyo ni mlango mzuri kwa mtu anayeanza. Japani haina utaratibu wa watafsiri walioapishwa na serikali. Ofisi ya mtaa hupokea hati ya kigeni ikiwa na tafsiri ya Kijapani yenye jina la aliyeitafsiri. Kabla ya kuanza, mwambie mteja apige simu ofisi husika aulize wanataka mpangilio gani, kwa sababu manispaa hutofautiana. Tafsiri kila kitu kilichoko kwenye karatasi, pamoja na mihuri na maandishi ya pembeni, na jina la Kiswahili kwa katakana liandikwe kama linavyoonekana kwenye kadi yake ya ukaazi au nyaraka alizokwisha kuwasilisha. Juma aliyeandikwa ジュマ kwenye hati moja na ジューマ kwenye nyingine atasumbuliwa benki, bima na shuleni kwa watoto wake, kwa hiyo mwombe akuletee hati zake za zamani zote kabla hujaandika herufi ya kwanza.